Chatu wa Pascaline na Karatasi Ishirini na Saba

Shule niliiachia darasa la tano. Mwalimu alihamishwa, mimi sikuhamishwa, tukaachana kwa amani. Lakini kupanga vitu, hapo sihitaji profesa. Miaka thelathini na mitano niliuza vitenge katika soko kuu la Bujumbura, mpaka siku lilipoungua, na sheria ya meza yangu ilikuwa moja tu: kitenge cha zamani juu, kipya chini. Mkono wa mteja huanzia juu. Ukimwekea kipya juu, cha zamani kitalala pale mpaka panya wakishone suti.

Kumbukeni hilo. Ndilo lililotaka kumnyima Esperance safari ya kwenda kwa mwanawe, na ndilo lililonionyesha mimi ni mtu wa namna gani. Habari hiyo ya pili sikuifurahia sana.

Esperance watu wote wanamwita Mama Irène. Mimi peke yangu namwita kwa jina lake, maana nilimjua kabla Irène hajafikiriwa. Alivuka kutoka Uvira, upande wa Kongo, mwaka wa sabini na nane na madumu mawili ya mafuta ya mawese, na msimamizi wa soko, ambaye mpaka leo sijui nilimkosea nini, akampa meza inayogusana na yangu. Mawese pembeni ya vitenge! Siku ya tatu tu, dumu likavuja. Kitenge changu cha buluu chenye maua ya njano kikapata doa jekundu, kubwa kama uso wa mtoto mchanga.

"Pole, dada," akaniambia. "Mi sikuona."

"Hukuona? Basi kichukue ukivae, ili ukione kila siku."

Nilisema kwa hasira tu. Yeye alikichukua kweli. Kesho yake akaja amekivaa, doa ameliweka mbele, akapita mezani kwangu akijizungusha kama bibi harusi.

"Unaona, dada? Sasa naona."

Nilicheka mpaka mteja akaondoka bila kuhudumiwa. Ndivyo tulivyoanza, yeye akivuka kila asubuhi na kurudi kwake Uvira jioni. Alipokimbia vita vya Uvira mwaka wa tisini na sita, akiwa mjane, amemshika Irène mkono, hakuuliza kambi iko wapi. Aliuliza Fatouma, yaani mimi, yuko wapi.

Makaratasi yake yalifikaje kwangu? Ni ziwa. Miaka michache iliyopita Tanganyika ilipanda, ikaingia mtaa wa Kibenga, ikaingia mpaka ndani ya chumba cha Esperance. Alinijia hapa Nyakabiga, viatu mkononi na furushi kichwani. Godoro ameliacha, sufuria ameziacha, makaratasi ameyaleta. Niliyaanika kwenye kamba moja moja, kwa vibanio vya nguo, na jirani zangu wakauliza kama siku hizi nafua vyeti. Yalipokauka niliyapanga kama ninavyojua mimi: ya zamani juu, mapya chini. Nikayafunga ndani ya kitenge, nikayaweka juu ya kabati pamoja na karafuu ili wadudu wasiyaguse. Mwenyewe akarudi Kibenga maji yalipopungua. Furushi likabaki kwangu, na kila karatasi mpya aliyoipata aliniletea, nami nikaitia chini.

Irène yuko nchi moja ya baridi, ile ambayo theluji inawaangukia watu vichwani. Jina la nchi hiyo sitaki kuliandika. Tuna ugomvi, mimi na nchi hiyo. Ana watoto watatu ambao bibi yao hajapata kuwabeba mgongoni hata mmoja. Mwaka jana aliomba mama yake apelekwe kuishi naye. Makaratasi yote yalipigwa picha kwa simu, yakatumwa moja moja, vipande ishirini na sita, na vyote vikarudishwa. Jibu likasema: tunataka faili moja, si vipande. Ya zamani ianze, mpya imalizie, kama ilivyo kwenye orodha ya fomu. Itumwe kwenye kiungo hiki kabla ya Alhamisi saa kumi alasiri. Kiungo kinafunguka mara moja tu, na mkikosea, mtaomba upya mwaka ujao.

Esperance ana miaka sitini na tisa na moyo ambao daktari anausikiliza kwa muda mrefu mno. Mwaka ujao si jambo la kumwambia mtu kama huyo.

Basi Alhamisi, saa saba mchana, tukaingia kwa Pascaline. Sekretaria yake, yaani ofisi ya kuchapia watu makaratasi, iko hapa hapa Nyakabiga, kati ya duka la mkaa na fundi wa viatu: chumba kimoja, mashini ya fotokopi inayokohoa, benchi la wateja, na kompyuta ya kukunja ambayo anaifuta kwa kitambaa mara nyingi kuliko anavyofuta uso wake. Ni mwanamke wa miaka hamsini, miwani kwenye kamba shingoni. Kwenye benchi tulimkuta Mzee Pontien, ambaye alikuwa akiuza stempu posta tangu enzi zile bahasha zina mistari pembeni, akisubiri kadi za harusi ya mjukuu wake.

"Mama Chabani!" Pascaline akanisalimia. Chabani ni mwanangu wa kwanza. "Leo umeniletea nini, karatasi ao kesi?"

"Nimekuletea maisha ya mtu mzima. Usiyamwagie chai."

Esperance akafungua fundo la kitenge kwa meno. Harufu ya karafuu ikatoka. Akamweleza habari yote: faili moja, saa kumi, mara moja tu.

"Zamani," Mzee Pontien akasema bila kuulizwa, "unatia vyote mu bahasha moja, unalamba stempu, kwisha. Hakuna aliyekuambia unganisha."

"Na ilifika, baba?" Esperance akauliza.

"Nyingine zilifika."

Pascaline hakucheka. Alikuwa akitazama taa. "Umeme unakatika siku hizi bila kubisha hodi. Tuskani kwanza, mazungumzo baadaye. Mama Chabani, usinihadithie sasa karatasi hii ni ya nani na alivaa nini."

Aliniumiza, maana kila moja nilikuwa na hadithi yake tayari. Alichukua rundo zima, akaanza kulisha mashini, karatasi moja baada ya nyingine, na kila moja akaipa namba kwenye kompyuta. Sifuri moja, sifuri mbili, sifuri tatu.

"Hiyo sifuri ya nini?" nikauliza.

"Nisipoiweka, mashini inapanga moja, halafu kumi, halafu kumi na moja, ndipo inakumbuka mbili. Inasoma herufi ya kwanza tu kama mutoto wa darasa la kwanza."

"Mimi nimefika la tano."

"Ndiyo maana mi nakuheshimu."

Karatasi ya mwisho ilipopita tu, taa ikazimika, mashini ya skani ikatoa sauti ya kuku anayechinjwa. Kompyuta ikabaki hai kwa betri yake. "Saa moja inayo," Pascaline akasema. "Inatosha." Simu ya Esperance ikalia, alikuwa Irène. Akatoka kuongea naye kibarazani, maana ndani mtandao haushiki vizuri.

Nikadhani sasa Pascaline atazichukua karatasi moja moja na kuzibandika. Wapi! Akafungua dirisha jeusi lenye maandishi meupe, hakuna picha hata moja.

"Hii ndiyo nini?"

"Wengine wanaenda kwenye tovuti za bure. Unawapa watu usiowajua vyeti vyako, wanakuunganishia, na hujui wamebaki na nini. Mi naandika amri zangu mwenyewe. Mistari minane tu. Naiambia: ingia mu folda hii, chukua kila PDF, zipange kwa majina, fungua moja, toa kurasa zake, bandika mu faili mpya, rudia mpaka ziishe. Zile za mwanzo hazigusi, zinabaki palepale. Lugha yenyewe inaitwa Python. Yaani chatu."

"Chatu nyoka?"

"Chatu nyoka."

Hapo nikaelewa kila kitu. Marehemu baba yangu alitusimulia chatu wa mto Rusizi aliyemeza mbuzi watatu mfululizo, akalala na matuta matatu tumboni. Basi Pascaline naye amefuga wake, na huyu atameza vyeti ishirini na kitu.

"Akimeza, anatema?"

"Anatema kitu kimoja," akasema, na akabonyeza.

Hata sikuona kitu kikitembea. Mstari mmoja mweupe ukatokea, Pascaline akausoma: "Imekamilika. Kurasa ishirini na saba."

Nilitazama pembeni. Orodha ya Irène ilikuwa na ishirini na sita. Ya ziada nilijua imetoka wapi, kwa sababu asubuhi ile, kabla Esperance hajafika, niliitia mwenyewe. Lakini tuyafikie taratibu.

"Angalia wewe, Mama Chabani," Pascaline akaniambia, akinigeuzia kompyuta, "maana ni wewe unajua makaratasi haya. Bonyeza kishale hiki cha chini. Mi natayarisha kiungo kwenye simu, kisha natuma."

Nikabonyeza. Ukurasa wa kwanza ulikuwa watoto watatu wa Irène, wamesimama mbele ya mlango, theluji mpaka magotini. Picha hiyo ndiyo aliyoniletea mwisho. Ilikuwa ya chini kabisa katika rundo langu.

Nikajua palepale. Chatu alikuwa amegeuza kila kitu. Cha mwisho kimekuwa cha kwanza.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana sitarudia. Ningeweza kusema. Neno moja tu. Pascaline alikuwa hatua mbili kutoka kwangu. Lakini nilifikiria Ijumaa. Kila Ijumaa baada ya sala Esperance anakuja kwangu kula pilau na kuniambia chumvi imezidi. Kila Noeli mimi naenda kwake kumwambia kuku wake ana mifupa mingi. Faili hili likienda hivi, litarudi. Likirudi, atabaki mwaka mzima, na mwaka ni Ijumaa hamsini na mbili. Nilizihesabu haraka kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya sokoni.

"Iko sawa?" Pascaline akauliza, macho kwenye simu.

"Iko sawa," nikasema.

Mungu anisamehe. Nikabonyeza kishale tena, na maisha ya rafiki yangu yakaanza kurudi nyuma.

Theluji ikatoweka, na watoto watatu pamoja nayo. Ikaja karatasi ya chifu wa mtaa iliyosema nyumba ya Kibenga imeingiliwa na maji. Nikabonyeza, na maji yakatoka, yakarudi ziwani kwa adabu, godoro likakauka. Ikaja karatasi ya meza iliyoungua sokoni. Nikabonyeza, na moshi ukashuka, majivu yakasimama yakawa meza, na meza yangu ile, mguu mmoja umetegemezwa kwa kigae, ikasimama pembeni ya yake. Nilisikia hata kelele. Wale wauza ndagala, dagaa wetu wa ziwani, wakitukanana kwa mapenzi, yule kipofu aliyetambua senti kwa kuzinusa, redio ya fundi saa ikiimba wimbo uleule tangu asubuhi. Miaka zaidi ya kumi nilikuwa sijausikia mlio wa soko lile.

Nikabonyeza. Kadi ya ukimbizi ya mwaka wa tisini na sita. Esperance akavuka mpaka kwa nyuma nyuma, amemshika Irène mkono, akaingia nyumbani kwake Uvira, na mlango bado uko mahali pake. Nikabonyeza. Cheti cha kifo cha mumewe, Akilimali, aliyekuwa akicheka mpaka mbuzi wanakimbia. Kurasa mbili mbele yake, Akilimali yuko hai, anaweka saini chini ya ripoti ya shule ya Irène, herufi zake zimelala kama zimechoka. Irène akapungua. Akawa wa darasa la pili, akawa wa darasa la kwanza, akawa mtoto wa kadi ya ubatizo, akawa hayupo. Cheti cha ndoa.

Halafu picha yangu.

Hii ndiyo niliyoitia asubuhi. Studio ya Faruk, mwaka wa themanini, pazia lenye mlima uliochorwa na mtu ambaye hakuwahi kuona mlima. Mimi nimekaa kwenye kiti, mtandio mweupe, nimejikaza kama mke wa waziri. Esperance amesimama nyuma yangu, mkono begani mwangu, amevaa kile kitenge cha buluu, doa mbele. Faruk alimwambia alifiche. Alikataa. Alisema, "Hili doa ndilo limenipa huyu mutu." Hakuna orodha inayoitaja picha hiyo. Niliitia tu. Nilitaka nami niende, hata kama ni kwa karatasi.

Baada ya hapo sikupaswa kuendelea. Lakini kidole cha mwanamke mzee kikizoea kubonyeza, kinabonyeza. Kibali cha meza, mwaka wa sabini na nane. Kitambulisho. Cheti cha shule. Ubatizo wake mwenyewe. Na ukurasa wa mwisho kabisa, ishirini na saba: shule ya matofali, Uvira, mwaka wa sitini na nne, wasichana thelathini wamenyolewa vichwa. Wa tatu kutoka kushoto amekunja uso kwa jua. Ni yeye. Ana miaka minane.

Nilimtazama sana yule mtoto, naye akanitazama. Hakunijua. Nikabonyeza kishale mara nyingine, nikidhani labda kuna kitu zaidi. Hakikuenda. Ndipo mwisho wa faili: msichana asiyenijua, na baada yake hakuna kitu. Meza hakuna, mawese hakuna. Kwa kurudisha nyuma yote ili abaki, nilikuwa nimemrudisha mpaka mahali ambapo mimi sipo.

Nje, kwenye baraza, nilimsikia akimwambia Irène, "Mwambiye Jovithe bibi atamuletea mutoto wa kitenge wa kuchezea, mi nitamushonea mwenyewe." Jovithe ni mjukuu wake wa mwisho.

Pascaline akaja, akavaa miwani, akaweka kidole. "Bon. Natuma."

"Pascaline."

"Mama?"

"Chatu anapomeza mbuzi, anaanzia wapi?"

"Mama Chabani, betri!"

"Anaanzia kichwani. Akianzia miguuni, pembe zinamkwama kooni, anakufa na mbuzi mdomoni. Wako ameanzia miguuni."

Akatoa kidole kama aliyeguswa na moto. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaona theluji. Akafungua wa mwisho, akaona vichwa vilivyonyolewa.

"Mais! Mimi nimegeuza kwa makusudi. Makaratasi ya watu wote yanakuwa na jipya juu! Mutu akipata cheti anakirusha juu ya vingine. Miaka kumi na tano niko hapa, sijaona rundo lenye la zamani juu. Basi nikaweka neno moja mwishoni, mashini igeuze."

"Mimi niliuza vitenge."

"Inahusiana nini?"

Nikamweleza. Mzee Pontien, ambaye tulidhani amelala, akafungua jicho moja. "Hata stempu tuliziuza hivyo. Za zamani kwanza."

"Na mbona umesema iko sawa?" Pascaline akaniuliza polepole, akinitazama juu ya miwani.

Hilo swali halikuwa na utani wa kulijibu. Esperance alikuwa amesimama mlangoni, simu mkononi. Amesikia kuanzia wapi, sijui.

"Nilizihesabu Ijumaa," nikasema.

Hakuna aliyeelewa isipokuwa yeye. Alikuja akakaa karibu nami kwenye benchi, akamsukuma Mzee Pontien kwa nyonga. Hakuniangalia.

"Ngapi?"

"Hamsini na mbili."

"Mi nilifika arubaini," akasema, "nikaacha kuhesabu, nikaanza kulia, Irène akaniuliza kama ni mtandao."

Pascaline alifuta lile neno moja, akabonyeza, na chatu akameza upya, safari hii kwa kichwa. Lakini sasa alikuwa na macho makali, akaanza kulinganisha na orodha ya fomu, kidole kwenye karatasi.

"Ya sita. Orodha inasema cheti cha ndoa. Mi naona wanawake wawili na mlima. Na zote baada ya hapo zimesogea. Nani ameweka hii?"

"Panya," nikasema.

Esperance akainama kwenye kompyuta. Kisha akacheka, kile kicheko chake cha kuanzia tumboni, akagusa kioo kwa kidole palipo na doa.

"Fatouma we! Unataka kupita mupaka bila viza?"

"Nimevuka mipaka mibaya zaidi. Nimevuka barabara ya soko siku ya sikukuu."

"Nitaitoa," Pascaline akasema. "Karatasi isiyo kwenye orodha itatuharibia."

"Apana. Angaliya ya mwisho, ishirini na sita. Irène ameandika nini?"

"Picha za familia."

"Picha, ao picha moja?"

"Picha... za."

"Basi ipeleke pale."

Pascaline akalibadilisha jina la faili la picha ile, akaliita tisini na tisa. Akanieleza kwamba mashini haijali pengo kati ya ishirini na saba na tisini na tisa, inajali nani mdogo na nani mkubwa. Nikamwambia aache hivyo, tisini na tisa ndio umri ninaoutaka. Lakini chini ya kila picha ya familia, fomu inataka jina na uhusiano. Akauliza aandike nini.

"Dada," Esperance akasema.

"Hapo utakuwa umedanganya, Mama Irène. Watauliza cheti cha kuzaliwa. Fatouma na Esperance, baba mbalimbali, dini mbalimbali. Mi sitii uongo kwenye dosiye ya mutu."

Betri ilikuwa imebaki kidogo, alama yake imekuwa nyekundu. Saa tisa na nusu.

"Andika ukweli, basi," Esperance akasema. "Andika: Fatouma. Meza zetu ziligusana, miaka thelathini na mitano."

Pascaline akaandika hivyo kwa Kifaransa, akakisoma kwa sauti, na kwa Kifaransa kilisikika kama kitu cha watu wakubwa. Chatu akameza mara ya tatu. Tukapitia kurasa zote pamoja, vichwa vinne mbele ya kioo kimoja, Mzee Pontien naye, na safari hii maisha yalikwenda mbele: vichwa vilivyonyolewa, ubatizo, mawese, ndoa, Irène anakua, Akilimali anaondoka, vita, moto, maji, theluji. Mwishoni kabisa, baada ya wajukuu, mimi na mtandio wangu. Pascaline akabonyeza. Kompyuta ikafikiri kwa muda ambao niliweza kusoma dua mbili. Kisha ikasema imepokelewa, na haikupita hata dakika tano ikazimika.

Miezi saba baadaye wakamwita Esperance kuhojiwa, kwa video, palepale kwa Pascaline. Mimi niliketi nje na fundi wa viatu, maana walisema aingie peke yake. Alinisimulia alipotoka. Bwana wa kule alimuuliza maswali ya kawaida, halafu akafika ukurasa wa mwisho akauliza, "Hawa ni nani?" Esperance hakueleza. Alisimama, akarudi nyuma ya kiti ili aonekane mzima. Alikuwa amevaa kile kitenge cha buluu, kimepauka, maua ya njano yamekuwa meupe, lakini doa liko vilevile. Anasema yule bwana alisogeza uso wake karibu na kioo, akatazama picha, akamtazama yeye, akatazama picha. Halafu akatabasamu, akaandika kitu.

Aliondoka Juni. Uwanja wa ndege sikwenda. Nilimwambia miguu inaniuma, kumbe ni macho. Furushi la makaratasi ya asili aliliacha kwangu, na nimelipanga nijuavyo mimi. Pascaline ameweka alama kwenye mashini yake, maandishi makubwa juu ya mistari minane: muulize mwenye rundo, la juu ni jipya au la zamani?

Jana ilikuwa Ijumaa. Nilipika pilau, nikaonja, na kwa mara ya kwanza nikaona mwenyewe kwamba kweli chumvi imezidi. Simu ikalia. Alikuwa ndani ya koti, ananiambia, ingawa yuko ndani ya nyumba.

"Fatouma, huku watu ni wazuri. Lakini kila mutu na meza yake. Hakuna zinazogusana. Mi nafanya je?"

"Mawese yapo huko?"

"Yapo. Kuna duka la Wakongo."

"Basi mwaga."